Tangi la Kibokoni: pH iliyokataa kushuka

Tangi lenyewe ni la kioo, sentimita 90 kwa 40 kwa 40. Ukitoa mchanga, mawe na ile nafasi ya juu, linabakiwa na maji ya lita 120 hivi. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, na alilinunua likiwa kamili: filta ya kuning'iniza, taa, mchanga mweupe wa pwani, vipande viwili vya mawe ya matumbawe, mimea ya aina nne na samaki wa aina tatu: neoni, gapi na moli. Maji aliyateka kisimani, uani kwake. Alipoita msaada, neoni walikuwa wameshakufa wote, gapi waliobaki wakihemea juu ya maji, na mimea ya aina mbili imeoza kuanzia shinani. Kando ya tangi palikuwa na chupa mbili tupu za dawa ya kushusha pH (kipimo cha uasidi: ikishuka, maji ni ya asidi zaidi), na ya tatu imefunguliwa.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu, na kwa ruhusa yake, kwa sababu ni kisa cha kisiwa kizima. Wafugaji wa samaki wa mapambo hapa kwetu hupigana na pH mpaka wakachoka, na kile kinachoishikilia pH hiyo isiende popote hawajakipima hata mara moja.

"Mwanangu," aliniambia, "jioni natia dawa, napima, naona saba. Alfajiri nikitoka msikitini napima tena, imerudi nane. Ni nani aipandishaye usiku?"

Swali lake ni zuri, na jibu lake ndilo kisa chenyewe.

Waliobaki hai

Tangi likiharibika, mimi huanza kwa kuangalia nani amesalimika. Moli walikuwa wamenona, na watoto wao walijificha nyuma ya filta. Vallisneria, ule mmea wenye majani marefu kama utepe, ulikuwa umefika juu ya maji na kuanza kulala. Cabomba na Rotala nyekundu zilikuwa zimekwisha. Anubias ilikuwepo, lakini jani lake jipya lilikuwa la manjano huku mishipa yake ikiwa bado kijani.

Nilipitisha ukucha juu ya jani kuukuu la Vallisneria. Lilikwaruza. Juu yake palikuwa na chengachenga nyeupe, ngumu, zilizobanduka kama ukoko wa ndani ya birika. Nikakata kipande, nikakiweka kwenye kisahani na kukidondoshea siki. Zile chenga zikatoa vipovu vidogovidogo, zikaisha, jani likabaki kijani kitupu. Kisha nikachota kijiko cha mchanga kutoka chini ya tangi, nikauosha na kuumwagia siki ileile. Ulifoka povu, na ukiinamisha sikio ulisikia ukichemka.

Kwa hayo mawili tu, kabla ya kipimo chochote, habari ilikuwa nusu imejulikana. Mchanga ule haukuwa mchanga wa mwamba mgumu. Ulikuwa vipande vya makombe na matumbawe, yaani kalsiamu kaboneti. Na ule ukoko wa jani ulikuwa kazi ya mmea wenyewe. Kila mmea unahitaji kaboni ili ukue. Kaboni dayoksaidi ikipungua majini, Vallisneria ina uwezo wa kuchukua bikaboneti, yaani kaboni iliyo katika chumvi zilizoyeyuka majini, badala yake, na kalsiamu inayobaki hujenga ukoko juu ya jani. Cabomba haina uwezo huo. Hutegemea kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka, na isipoipata hufa njaa hata kama taa ni kali na mbolea ni tele. Mimea miwili ndani ya maji yaleyale, mmoja unanawiri na mwingine unaoza: hayo ni maji magumu yenye bikaboneti nyingi na kaboni dayoksaidi kidogo.

Vipimo

Nilipima kwa vipimo vya matone, si vya karatasi, kwa kuwa karatasi hazikupi namba ya kutegemea maji yakiwa na bikaboneti nyingi hivi. Kalamu ya kupima madini nayo nilikuwa nayo.

Maji ya kisima yaliyotoka kutekwa sasa hivi yalikuwa na pH 7.3. Maji yaleyale, baada ya kulala ndooni na jiwe la hewa, yalipanda hadi 8.2. Hakuna kilichoongezwa. Maji ya chini ya ardhi hutoka na kaboni dayoksaidi nyingi, na ikishatoroka, pH hupanda. Aliyemuuzia mwalimu tangi alipima maji yakiwa bado ya kisimani, akaona 7.3, akamwambia yanafaa kwa neoni. Kipimo kilikuwa sahihi, ila kilipimwa saa isiyofaa. Maji ya kisima yapimwe baada ya kupigwa hewa usiku mzima.

Ugumu wa kaboneti, KH, yaani kiasi cha bikaboneti kinachoishikilia pH isisogee, ulikuwa digrii 15 kisimani. Digrii moja ni karibu miligramu 17.9 kwa lita, ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Ugumu wa jumla, GH, yaani kalsiamu na magnesiamu, ulikuwa 20, na kalamu ya madini ilisoma 980. Hayo si ajabu kwa Kibokoni. Upande huu wa kisiwa umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, mwamba uleule ulioibeba Fort Jesus tangu 1593. Mvua ikipenya humo huyeyusha chokaa njia nzima, na chini yake bahari inasukuma chumvi. Kila anayekunywa chai ya maji ya kisima Mji wa Kale anaijua ladha hiyo.

Ndani ya tangi: pH 8.2 asubuhi, joto nyuzi 30, KH 15, GH 26, amonia miligramu 1 kwa lita, nitriti 2.

Zitazame KH na GH hapo. Tangi lilikuwa limemiminiwa asidi karibu kila jioni, na KH haikuteremka hata digrii moja chini ya ile ya kisima. GH ndiyo iliyopanda, kutoka 20 hadi 26. Joto la Mombasa huvukiza maji na kuacha madini, lakini uvukizaji hupandisha vyote viwili kwa pamoja. GH ikipanda peke yake wakati asidi inaingia, maana yake kuna chokaa inayeyuka mahali, na mahali penyewe ni chini ya samaki.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Asidi ilipoingia ilikutana na bikaboneti na kuigeuza kuwa maji na kaboni dayoksaidi. Kaboni dayoksaidi majini ni asidi hafifu, kwa hiyo kipimo cha jioni kilionyesha saba. Filta ikachuruza usiku kucha, kaboni dayoksaidi ikatoka, pH ikarudi ilikokuwa. Wakati huohuo asidi iliyofika mchangani iliyeyusha kaboneti na kuachilia bikaboneti mpya pamoja na kalsiamu. Bikaboneti ikaziba pengo la ile iliyopotea, kalsiamu ikajilimbikiza. Ukihesabu digrii 6 katika lita 120, ni gramu zaidi ya kumi za mchanga zilizoyeyuka. Mwalimu alikuwa akitia dawa upande mmoja, na mchanga ukiifuta upande wa pili.

Jirani alikuwa amemshauri pia atie majani makavu ya mkungu, na yalikuwemo, maji yameshakuwa na rangi ya chai. Nayapenda majani ya mkungu. Yanatoa asidi hafifu za tanini, samaki wa maji laini wanastarehe nayo, na Mombasa yanaokotwa bure. Lakini kwenye KH 15 hayawezi kuisogeza pH. Yalitia rangi tu.

Kilichowaua neoni

Mwalimu aliamini ni pH yenyewe. Naamini kwa dhati kwamba sivyo, au sivyo moja kwa moja.

Samaki waliingia tangi likiwa halijaiva. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita hivi kabla ya bakteria wa kwenye filta kuongezeka kiasi cha kuibadilisha amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Kabla ya hapo, kinyesi na mabaki ya chakula huwa amonia inayokaa palepale. Amonia ina sura mbili majini, moja ya sumu kali na nyingine isiyodhuru sana, na kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH na joto. Kwenye pH 7 na nyuzi 30, sehemu ya sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8.2 na joto lilelile, ni kama asilimia 11. Kwa hiyo amonia ya miligramu 1, ambayo katika tangi la pH 7 ungeweza kuidhibiti kwa kubadilisha maji, Kibokoni ilikuwa sumu ya zaidi ya miligramu 0.1 kwa lita. Hicho ni kiwango cha kuunguza matamvua.

Ongeza joto lenyewe. Maji yasiyo ya chumvi, yakiwa na nyuzi 25, hubeba oksijeni karibu miligramu 8.3 kwa lita. Kwenye 30 hubeba kama 7.6. Matamvua yaliyoungua, oksijeni iliyopungua, na kila jioni pH inaanguka zaidi ya namba moja nzima na kurudi alfajiri. Neoni ni samaki wa mito laini ya Amazoni anayependa maji ya nyuzi 20 hadi 26. Hakuwa na njia ya kupona.

Nitriti ingeweza kummaliza hata moli, ila kulikuwa na kinga ambayo hakuna aliyeipanga. Chumvi ya kisima ina kloridi, na kloridi hushindana na nitriti kuingia kwenye damu ya samaki kupitia matamvua. Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa katika uamuzi uliofuata, kwa sababu kuyalainisha maji ni kuipunguza kinga hiyo pia.

Njia zilizokuwepo

Nilimwambia mwalimu wazi kwamba njia nafuu na ya salama ilikuwa kuyaacha maji yalivyo na kubadilisha wakaazi. Moli, gapi, Vallisneria na Ceratophyllum wangeishi humo miaka. Samaki wa Ziwa Tanganyika, ziwa ambalo pH yake inakaribia 9, wangeona wamefika kwao, na hata mchanga wa matumbawe ungebaki. Kwa mtu anayeanza, ndiyo njia ninayoipendekeza kila siku. Maji ya kwenu ni mali. Tafuta samaki anayeyapenda.

Lakini mwalimu alitaka bustani ya majani mabichi na kundi la samaki wadogo wa rangi, na alikuwa tayari kuifanya kazi yake. Basi ikabidi tubadilishe maji.

Maji ya mfereji tuliyafikiria kwanza. Mombasa huletewa maji kutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, Marere kwenye milima ya Shimba, visima vya Tiwi, na Baricho kando ya mto Sabaki. Hayana ubaya, mradi yatolewe klorini. Shida ilikuwa kwamba kwenye nyumba ile huja kwa zamu, na tangi la chini la jengo hujazwa pia na boza la maji na wakati mwingine na kisima. Vipimo vya siku tofauti vilitofautiana sana. Mimea na samaki huzoea maji ya namna nyingi, ila hawazoei maji yanayogeuka kila wiki, kwa hiyo tuliyaacha.

Yaliyobaki ni maji ya mitungi ya lita 20 yanayouzwa madukani, yale yanayosafishwa kwa kupitishwa kwenye utando kwa nguvu. Tuliyapima: KH 1, GH 1, kalamu 40. Tukachanganya sehemu moja ya kisima kwa sehemu tatu za mtungi. Hesabu yake haihitaji shule: 15 jumlisha 1 mara tatu ni 18, gawa kwa nne, KH 4.5. GH ikaja karibu 6, na kalamu 275.

Mwalimu aliuliza kwa nini tusiweke maji ya mtungi matupu, kwani si ndiyo laini kabisa? Kwa sababu bakteria wa filta hula bikaboneti. Kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia wanayoigeuza kuwa nitrati humaliza ugumu wa kaboneti wa miligramu 7 hivi. KH ikiwa 1, inaisha upesi, pH inaporomoka, bakteria wanapunguza kazi, na amonia inarudi. Isitoshe, kalsiamu, magnesiamu na kloridi za kisima zinahitajika. Kisima hakikuwa adui. Kilikuwa kingi mno.

Kazi yenyewe

Mchanga na mawe yote yalitoka. Hapa sikukubali maelewano yoyote. Kuchanganya maji laini huku mchanga wa makombe umebaki chini ni kujaza ndoo inayovuja. Badala yake tukachukua mchanga wa mto wa kujengea, ule wa punje kubwa. Tuliujaribu kwa siki kwanza, haukutoa povu. Ukaoshwa mpaka maji yakatoka meupe.

Samaki walikaa kwenye beseni la maji yao ya zamani na jiwe la hewa. Sponji ya filta nayo ilikaa ndani ya maji hayohayo, bila kukaushwa na bila kuoshwa kwa maji ya mfereji, maana bakteria wote tuliowasubiri wamo humo. Tangi likajazwa nusu maji ya zamani na nusu mchanganyiko mpya, na kwa wiki mbili zilizofuata maji yalibadilishwa kidogokidogo hadi vipimo vikafika mahali pake. Moli aliyezoea 980 huwezi kumtumbukiza kwenye 275 siku moja ukatarajia apone. Kwa ajili ya nitriti tulipunguza chakula, tukapima kila siku, na kila ilipozidi miligramu 1 maji yalibadilishwa siku hiyohiyo. Hakuna samaki mpya aliyeingia mpaka amonia na nitriti zote ziliposoma sifuri.

Kwa mimea, yale majani ya manjano ya Anubias yalikuwa ukosefu wa chuma, ingawa mwalimu alikuwa akitia mbolea. Chuma cha mbolea nyingi za maji kimefungwa kwa EDTA, kemikali inayokishika kisizame, na kifungo hicho hulegea pH ikipita 6.5 hivi; chuma hushikana na vitu vingine na kuzama. Kilichofungwa kwa DTPA, kemikali nyingine ya kazi hiyohiyo, hustahimili zaidi, mpaka karibu 7.5. Tulibadilisha mbolea, tukafukia na vidonge vya mizizi. Muda wa taa ukapunguzwa hadi saa saba kwa siku.

Joto lilitibiwa kwa feni ndogo inayopuliza juu ya maji. Inateremsha nyuzi mbili au tatu, lakini maji yanapungua haraka. Hapa ndipo wengi huharibu kazi yao nzuri: hujazia maji yaliyovukiza kwa mchanganyiko uleule, au kwa kisima. Kinachovukiza ni maji matupu, madini yote yamebaki tangini. Cha kujazia ni maji ya mtungi peke yake. Mchanganyiko ni wa siku ya kubadilisha maji, lita 40 kila wiki: lita 10 za kisima zilizolala na jiwe la hewa, na mtungi mmoja na nusu.

Hali ilivyo sasa

KH imetulia kati ya 4 na 5. Anubias imetoa majani mapya ya kijani. Vallisneria iliyeyuka majani ya zamani ilipohamishwa, jambo la kawaida, kisha ikachipua bila ukoko. Rotala mpya inakua taratibu, na rangi yake ni ya waridi hafifu kuliko nyekundu. Bila kaboni dayoksaidi ya ziada haitakolea, na kwa taa ile sioni haja. Chupa ya sukari na hamira ya kutengenezea kaboni dayoksaidi sikuishauri: kwenye joto la Kaskazi huchachuka kwa fujo siku za kwanza kisha huzima, na huko ni kurudisha pH ya kupanda na kushuka.

Mwalimu alipiga simu akiwa na wasiwasi. pH yake ilikuwa 7.6, haijafika 7. Nikamwomba afanye hesabu pamoja nami. Kaboni dayoksaidi kwa miligramu hukadiriwa kwa kuzidisha 3 kwa KH kwa kumi iliyopandishwa kwa 7 kutoa pH. Tangi la zamani, KH 15 na pH 8.2, linatoa karibu miligramu 2.8. Tangi la sasa, KH 4.5 na pH 7.6, karibu 3.4. Kaboni dayoksaidi majini ni karibu ileile, kwa hiyo pH iliteremka kwa sababu KH iliteremka, na itabaki hapo mradi KH ibaki hapo. Hakuna cha kusahihisha. Zile chupa za dawa amezitupa.

Neoni hakuwarudisha. Nilimshauri kadinali, ambao kwa macho ya wengi ni walewale, lakini wanahimili joto vizuri zaidi, na tangi la Mombasa hata likipulizwa feni halikai chini ya nyuzi 27 miezi mingi ya mwaka. Walizoeshwa kwa mpira mwembamba unaodondosha maji tone kwa tone, na wanakula.

Limebaki suala la mvua. Mwalimu anataka kukinga maji ya paa msimu wa mvua ujao ili aachane na kununua mitungi, na kwa KH maji ya mvua yanafaa kabisa. Paa lake ni la mabati. Mabati hutoa zinki, nayo huwadhuru samaki zaidi maji yakiwa laini. Na paa lililo karibu na bahari hukusanya chumvi na vumbi miezi ya kiangazi. Tumekubaliana kwamba mvua za mwanzo zote ziachwe ziende, yakingwe maji ya mvua kubwa inayofuata, yapimwe kwa kalamu, na yatumike nusu kwa nusu na maji ya mtungi kwanza, yakijaribiwa kwenye beseni la watoto wa moli kabla ya kuingia kwa kadinali.